Ofisi Huishi kwa Ajili ya Nani?

Watu wengi wanapolisikia neno utamaduni hukumbuka ngoma, mavazi, vyakula na methali. Mambo hayo ni utamaduni kweli, lakini hayaumalizi. Namna taifa linavyompokea mwananchi dirishani, namna linavyotunza majalada yake, na namna linavyotimiza ahadi iliyotolewa na mtumishi ambaye amekwisha kustaafu au kufariki, hayo nayo ni utamaduni. Mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi roho hiyo haikai uwanjani siku ya sherehe tu. Hukaa ofisini pia siku za kazi.

Na tazama kwamba shughuli za utamaduni zenyewe hazikutulia katika wizara moja. Tangu mwaka ule zimeunganishwa kwa nyakati mbalimbali na vijana, elimu, habari na michezo. Mwalimu wa muziki aliyeandika barua kwa wizara moja huenda alijibiwa na nyingine. Jambo hili si la ajabu, maana ndivyo ofisi zote za serikali zilivyo: huzaliwa, hupewa majina, huhamishwa, hugawanywa, huunganishwa, na nyingine hufa. Sisi tuliotumikia serikali katika masijala tumewahi kuona muhuri mpya ukiletwa kabla wino wa ule wa zamani haujakauka.

Swali ninalotaka kulijadili pamoja na walimu na vijana wa shule za sekondari ni hili: ofisi ya umma inapojibadilisha ili isife, je, inatenda haki au inatenda hila? Ni kitu gani ndani yake kinachostahili kudumu, na ni kipi kinachostahili kuachwa kife? Nimechukua mifano yangu Dodoma na uwanda wa kati, kwa sababu nchi hii, yenye mvua ya kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka, nayo ya msimu mmoja, imeshuhudia ofisi nyingi zikija kwa kishindo na kuondoka kimya kimya.

Tuanze na jambo rahisi, yaani jina. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam kuelekea Kigoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaangukia mikononi mwa Waingereza, ikawa Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda katika shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ukapewa kampuni iliyoshirikisha wawekezaji kutoka India. Baadaye serikali ikaurejesha mikononi mwake, na mwaka 2017 sheria mpya ikaunda tena Shirika la Reli Tanzania. Tangu mwaka 2024 abiria wa Dodoma wana treni ya umeme pia, inayopita katika reli mpya.

Mkulima wa Bahi aliyekuwa akingoja treni miaka yote hiyo hakuwa na haja ya kuyakariri majina hayo. Yeye aliuliza jambo moja tu: mzigo wangu utafika? Treni ilipofika kwa wakati, shirika lilikuwa hai kwake, hata kama jina lake lilikuwa limefutwa katika gazeti la serikali. Treni ilipokosa kuja, shirika lilikuwa limekufa, hata kama wakurugenzi wake walikuwa wakikutana kila mwezi. Basi uhai wa ofisi haupimwi kwa kibao kilichopigiliwa mlangoni. Hupimwa na yule anayeingoja kazi yake.

Kipimo hicho Wagogo wanakijua tangu zamani, ingawa hawakukiita elimu ya utawala. Katika Ugogo, kama ilivyo kwa wafugaji wengine wengi, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Baadhi yao huwakabidhi jamaa au rafiki anayeishi mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili upone. Mtunzaji hupata maziwa na samadi. Ana ruhusa ya kubadili malisho, kujenga zizi jipya, hata kuhama na kundi zima mvua ikikatika. Lakini ng'ombe si wake, wala ndama wanaozaliwa si wake. Akifa ng'ombe, mwenyewe sharti apashwe habari. Na mtunzaji akizeeka au akishindwa, kundi humrudia mwenyewe au hupelekwa kwa mtunzaji mwingine, likiwa limehesabiwa.

Hapo ndipo tunapopata maana halisi ya neno dhamana. Wana-TANU waliahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hawatakitumia kwa faida yao wenyewe. Mwongozo wa mwaka 1971 nao ukawakemea viongozi wenye majivuno, ubadhirifu na dharau kwa watu. Kwa kawaida maneno hayo tumeyaelekeza kwa mtu mmoja mmoja: mkurugenzi, katibu, mkuu wa wilaya. Mimi naona yanafaa kuelekezwa kwa ofisi pia. Mtumishi mmoja mmoja anaweza kuwa mwaminifu, asiibe hata penseli, na hata hivyo ofisi yake nzima ikawa imegeuka kuwa mtunzaji aliyesahau kwamba ng'ombe ni wa mwenzake. Mshahara na nyumba ya serikali ni maziwa na samadi. Ni halali yetu. Kundi si letu.

Ama ofisi isiyoijali nchi iliyokwenda kuitumikia, mfano wake uko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka 1948 mradi ukakabidhiwa shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Yakaletwa matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, wakaletwa wataalamu, ukajengwa mji. Lakini mvua ya Kongwa haikusoma mpango ule. Kiangazi kilipofika udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zilizoota zikawa taabu kuzing'oa. Shirika lilipunguza malengo yake, likabadili mbinu, likapanda na alizeti. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mwisho wa mradi ule mkubwa, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36.

Msomaji atasema: mbona shirika lile lilijaribu kujibadilisha? Ni kweli, lilijaribu. Lakini kila badiliko lilikusudiwa kuukinga mradi na aibu ya huko London. Nani alikwenda kuwauliza wenyeji wa Kongwa kwa nini wao walipanda mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, wakaiacha ile mbuga kavu ibaki malisho? Jibu lilikuwa limesimama mbele ya macho, likitafuna nyasi. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikageuzwa kuwa ranchi, ikapita kwa shirika la kilimo la Tanganyika, kisha kwa Kampuni ya Ranchi za Taifa, na ranchi ya Kongwa ipo hata leo. Ofisi zilizofuata zilidumu kwa sababu zilikubali kufundishwa na nchi. Kujibadilisha kunakofaa huanza kwa kusikiliza, na kusikiliza kwenyewe ni kwa yule aliye chini, kabla ya aliye juu.

Sasa tuje Dodoma mjini, penye mfano mgumu zaidi, kwa kuwa hapa hatuwezi kumlaumu mkoloni. Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma katika muda wa miaka kumi. Mwaka huo huo, kwa amri ya Rais, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wananchi waliizoea kwa herufi zake tatu, CDA. Kazi yake ilikuwa kuupanga mji, kupima na kugawa viwanja, na kusimamia ujenzi. Mwaka 1976 ukatolewa mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Ulikuwa mpango wenye fikra za Azimio la Arusha: mitaa yenye kujitosheleza kwa shule na masoko, na njia zinazomjali mwenda kwa miguu na mpanda basi kabla ya mwenye gari.

Mwaka 1983 ukafika, miaka kumi ikatimia, na sehemu kubwa ya serikali ilikuwa ingali Dar es Salaam. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, Jumuiya ilikuwa imevunjika, vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina. Hapa ndipo swali letu linapouma. Ofisi iliyopewa kazi ya miaka kumi ifanye nini muda ukiisha na kazi haijaisha, na uwezo wa kuimaliza hauko mikononi mwake?

Mamlaka iliendelea kuishi. Iliishi kwa kile ilichokuwa nacho, yaani ardhi ya mji. Ilipima, ikagawa, ikatoza, ikazuia ujenzi usiofuata ramani. Tukitaka kusema haki, sharti tukiri kwamba huo nao ulikuwa utumishi. Bunge lilipohamia Dodoma mwaka 1996, na serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya tamko la Rais John Magufuli la mwaka 2016, palikuwa na ramani, na palikuwa na maeneo yaliyowekwa akiba. Mtunzaji huyu alilingoja kundi kwa zaidi ya miaka arobaini bila kubomoa zizi.

Lakini katika kungoja huko lilizuka jambo jingine. Makao makuu yalipokawia, viwanja havikukawia. Na ofisi iliyoundwa ili kujenga makao makuu ya taifa ikawa kwa wakazi wengi mwenye ardhi tu. Hati ilizotoa zilikuwa za miaka 33, wakati mahali pengine nchini mwananchi aliweza kupata hati ya miaka 99. Malalamiko ya fidia, ya nyumba kuvunjwa na ya viwanja yakarundikana. Juu ya hayo, mji ulikuwa na wakubwa wawili. Halmashauri ilikuwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi, ikasimamia shule na zahanati. Mamlaka ilikuwa na ardhi, wala haikuchaguliwa na mtu. Mwananchi mwenye shida alitumwa huku, kisha akatumwa kule.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli alitia saini amri ya kuivunja Mamlaka. Kazi zake, mali zake na watumishi wake wakahamishiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo tarehe 26 Aprili 2018 ilitangazwa kuwa Jiji. Hati za miaka 33 zikaelekezwa zibadilishwe ziwe za miaka 99.

Hapa ipo kinaya ambayo kijana wa historia asiache kuitafakari. Kati ya mwaka 1972 na 1974 serikali ilizivunja serikali za mitaa, za wilaya kwanza na za miji baadaye, kwa tumaini kwamba utawala wa mikoa ungeyaleta madaraka karibu na watu. CDA ilizaliwa katika kipindi hicho hicho. Halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, na za wilaya zikarudi mwaka 1984. Kwa hiyo halmashauri, iliyokwisha kuzikwa, ndiyo iliyomrithi yule aliyezaliwa wakati wa msiba wake. Kwa nini halmashauri zilifufuka? Kwa sababu palikuwa na kazi zisizokubali kuzikwa. Taka za mji hungoja kuzolewa hata kama aliyezizoa amefutwa. Mifereji huziba. Watoto huzaliwa, wakahitaji shule. Vyama vya ushirika navyo, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kwa kuwa mkulima aliendelea kuvuna, na mavuno yalihitaji mnunuzi.

Kuna atakayesema kwamba mifano hii inapingana. Ikiwa ofisi zilizovunjwa zililazimika kurudishwa, basi tusivunje kitu, tuziache zote ziendelee. Na ikiwa ofisi iliyodumu iligeuka mzigo kwa watu, basi tuvunje haraka kila inayochelewa. Mimi sioni kwamba zinapingana. Zote mbili zinatufundisha kutenganisha ofisi na deni lake. Kosa la kuvunja kwa pupa ni kuzika deni pamoja na mdaiwa. Mifereji na mavuno hubaki bila mwenyewe. Kosa la kudumu kwa hila ni kumweka mdaiwa hai huku deni likisahauliwa; watumishi hupanda vyeo, na dirishani foleni ni ile ile. Katika hali zote mbili anayelia ni mmoja, yule mwenye karatasi mkononi.

Tumfikirie huyo mwenye karatasi. Mama mmoja wa mtaani analipia kiwanja, anapewa hati yenye muhuri wa ofisi fulani. Miaka ishirini baadaye ofisi ile haipo. Muhuri wake umefutwa, waliotia saini wamestaafu. Je, karatasi ya mama huyu imekufa pia? Sheria hujibu kwamba haijafa, kwa kuwa mrithi wa mali ni mrithi wa madeni. Lakini sheria haitembei yenyewe kutoka chumba hadi chumba. Inahitaji karani aliyehifadhi jalada, aliyeliandika katika daftari la makabidhiano, na aliyemweleza mwenzake anayepokea kwamba hili bado halijaisha. Karani huyo akilitupa jalada kwa kuwa ofisi inahama na makabati ni mazito, amefanya yale ambayo hata amri ya Rais haikuyafanya: ameivunja ahadi ya taifa kwa mtu mmoja. Nami nasema kwamba ahadi iliyovunjwa kwa mtu mmoja haipungui uzito kwa sababu wengine wametimiziwa.

Mtumishi ataniuliza: je, nisiipende ofisi yangu? Nisione uchungu ikifa? Uchungu ni haki. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini mahali pamoja hupapenda kama kwao, na kupapenda huko kumeokoa mambo mengi yasiharibike. Hatari huanza pale mapenzi yale yanapoanza kuuliza swali lisilo lake. Badala ya kuuliza, "Mwananchi atahudumiwaje kesho?" huuliza, "Sisi tutabakije?" Siku hiyo kila badiliko huwa kinga. Ofisi hujitafutia kazi mpya ili ionekane ina kazi, hutunga fomu mpya ili fomu hiyo ihitaji mtu wa kuijaza, huficha hesabu ili asionekane ng'ombe aliyekufa. Kwa nje yaonekana inajirekebisha. Kwa ndani imekwisha kumsahau mwenye kundi.

Nikijipa ruhusa ya mshairi, nitalisema neno hili kwa ubeti mmoja:

Majina hupokezana, hupita na vyeo vyao,
Na mihuri hupishana, makarani na wenzao,
Ila kazi ya amana, haizikwi kama wao,
Mwenye kuja huiona, akalipa deni lao.

Basi jibu langu kwa swali lililotangulia ni hili. Ofisi ya umma ina ruhusa ya kubadili jina, jengo, mji, zana, idadi ya watu na hata mipaka ya kazi yake, maadamu inafanya hivyo ili deni lake lilipwe vema zaidi. Haina ruhusa ya kumbadili yule inayemdaiwa. Ikifika mahali ambapo deni lingelipwa vema na mwingine, wajibu wake wa mwisho ni kulikabidhi kundi likiwa limehesabiwa, pamoja na waliokufa na waliopotea, kisha iondoke bila kinyongo. Kufa namna hiyo ni sehemu ya utumishi. Na anayevunja ofisi, kwa upande wake, ana wajibu ule ule: asitie saini kabla ya kujua ni nani atakayezoa taka kesho asubuhi.

Vijana mnaosoma leo ndio mtakaokabidhiwa funguo hizi. Wengine watakuwa walimu wakuu wa shule zitakazobadilishwa majina, wengine maafisa ardhi, wengine makarani wa masijala ambao majalada yao sasa yamo katika kompyuta badala ya makabati. Siku ya kwanza mtakapokalia kiti, mtaonyeshwa orodha ya samani. Ipokeeni, mwihakiki. Kisha ombeni orodha ya pili, ambayo mara nyingi haikuandikwa: nani ameahidiwa nini na ofisi hii, tangu lini, na bado hajapata. Kama hakuna aliyeiandika, iandikeni ninyi.